AGOA na haki za binadamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ukielekea ukingoni, Ikulu ya Marekani hutangaza nchi za Afrika zilizoenguliwa kwenye mpango wa AGOA na zile zilizorejeshwa. Tangazo huwa fupi, redio zetu hulisoma kwa dakika moja, kisha ubishi unaanza: nani kawapa haki ya kutuhukumu? Nani atapoteza kazi? Mbona jirani hajaguswa? Majibu haya ni ya mtu anayetaka kulielewa jambo kabla ya kuchagua upande. Penye maoni yangu nimeyasema waziwazi.

AGOA ni nini hasa?

Ni sheria ya Marekani iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 18 Mei 2000. Inaziruhusu nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuingiza bidhaa nyingi Marekani bila kulipa ushuru wa forodha, mradi zitimize masharti. Si mkataba. Hakuna waziri wa Kenya wala wa Tanzania aliyeitia saini. Aliyetoa ndiye anayechukua, na nchi iliyoenguliwa haina mahakama ya kukimbilia.

Faida yake huonekana zaidi kwenye nguo. Chukua suruali ya kiume ya pamba iliyoshonwa Athi River, Kenya. Ingetoka nchi isiyo na upendeleo wowote, forodha ya Marekani ingeitoza 16.6% ya thamani yake. Sweta ya poliesta hutozwa 32%. Tuseme kiwanda kinaiuza suruali hiyo kwa dola 6. Bila AGOA ni karibu dola moja zaidi kwa kila suruali, na kwenye oda ya suruali 100,000 ni karibu dola 100,000. Mnunuzi wa New York hazilipi hizo. Anahamishia oda Bangladesh au Vietnam, na mtu wa kwanza kujua ni meneja wa kiwanda. Wa mwisho ni fundi aliyeko kwenye cherehani.

Haki za binadamu zinaingiaje kwenye sheria ya biashara?

Kupitia kifungu cha 104, kinachotaja masharti. Nchi inatakiwa iwe na uchumi wa soko, utawala wa sheria, vyama vingi, mapambano dhidi ya rushwa, ulinzi wa haki za wafanyakazi, na isiweke vizuizi kwa bidhaa na mitaji ya Marekani. Isiende kinyume na usalama wa Marekani wala sera yake ya nje. Na isijihusishe na ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu.

Soma kwa makini jinsi masharti hayo yalivyoandikwa. Kwenye demokrasia na rushwa, sheria inaridhika nchi ikiwa "inapiga hatua" mfululizo. Kwenye ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu hakuna kupiga hatua: ama unafanya, ama hufanyi. Kwa karatasi hilo ndilo sharti kali kuliko yote. Kwa vitendo, anayeamua kama ukiukaji ni "mkubwa" ni Rais wa Marekani peke yake, na sheria ileile imempa sharti la sera ya nje likae jirani na hilo la haki za watu. Hapo ndipo penye tatizo, nami nitalirudia.

Wazo hili lilianza na Afrika?

Hapana. Lilianza na Urusi ya Kisovieti. Agosti 1972 serikali ya Moscow iliweka tozo kubwa kwa raia wenye elimu ya juu waliotaka kuhama, kwa madai kwamba wairudishie serikali gharama za masomo. Walioumia zaidi ni Wayahudi waliokuwa wakiomba kwenda Israel. Wakati huohuo Rais Nixon alikuwa anatafuta makubaliano ya biashara na Wasovieti. Seneta Henry Jackson wa jimbo la Washington na Mbunge Charles Vanik wa Ohio wakachomeka kipengele kwenye sheria ya biashara: nchi ya kikomunisti inayowazuia raia wake kuhama haitapewa hadhi ya taifa linalopendelewa zaidi, yaani ushuru wa kawaida wanaotozwa wengine wote, wala mikopo ya serikali ya Marekani. Henry Kissinger, mwanadiplomasia mkuu wa Nixon, alikipinga kwa nguvu zote. Mwanafizikia Andrei Sakharov, aliyekuwa akiishi humohumo Moscow chini ya macho ya makachero, aliliandikia Bunge la Marekani barua ya wazi mwaka 1973 akiliomba likipitishe. Rais Ford alitia saini tarehe 3 Januari 1975.

Kilichoniteka katika kipengele hiki ni udogo wa dai lake. Hakikutaka uchaguzi huru wala magazeti huru. Kilidai jambo moja linalohesabika: mtu akitaka kuondoka, aachwe aondoke.

Je, kilifaa kitu?

Hapa watu wanabishana hadi leo, kwa sababu takwimu zinampa kila mtu kitu cha kushika. Mwaka 1973 Wayahudi waliohama walikuwa kama 35,000. Baada ya sheria kupita, Moscow ilikasirika, ikaukataa mkataba wa biashara, na mwaka 1975 idadi ikashuka hadi kama 13,000. Kisha ikapanda hadi kama 51,000 mwaka 1979, Wasovieti walipokuwa wanautaka mkataba wa silaha. Mwaka 1986 hawakufika 1,000. Milango ilifunguka kweli wakati wa Gorbachev.

Anayekipinga atasema idadi ilifuata hali ya uhusiano wa mataifa hayo mawili, si kipengele. Mimi naona jambo jingine: Gorbachev alipohitaji soko na mikopo, hakuwa na haja ya kuuliza afanye nini. Dai lilikuwa limeandikwa tangu zamani na halikuwa limebadilika. Romania ilicheza tofauti. Ilipata hadhi hiyo mwaka 1975, kila mwaka ikawaachia watu kiasi ili isiipoteze, na mwaka 1988 Ceaușescu akaikataa mwenyewe kuliko kuendelea kukaguliwa.

Na China? Mbona haikunyimwa?

Ilikaribia. Baada ya wanajeshi kuwaua waandamanaji Beijing Juni 1989, kila mwaka Bunge la Marekani lilivutana kuhusu hadhi ya biashara ya China. Mwaka 1992 Rais Bush mkubwa alipiga kura ya turufu dhidi ya miswada ya kuiwekea masharti. Clinton aliingia madarakani akimlaumu Bush kwa ulegevu, na tarehe 28 Mei 1993 akatoa amri: China ipewe mwaka mmoja, na isipoonyesha maendeleo kuhusu wafungwa wa kisiasa, bidhaa za magereza, Tibet na mengineyo, hadhi haitaendelea. Machi 1994 waziri wake wa mambo ya nje, Warren Christopher, alikwenda Beijing. Wenyeji wakawakamata wapinzani siku zilezile za ziara yake. Tarehe 26 Mei 1994 Clinton alitenganisha biashara na haki za binadamu, akairefushia China hadhi ileile. Oktoba 2000 aliifanya iwe ya kudumu.

Tazama tarehe tena: ni mwaka uleule wa 2000, na kalamu ileile. Mei aliiwekea Afrika masharti ya haki za binadamu yanayokaguliwa kila mwaka. Oktoba aliiondolea China ukaguzi wa kila mwaka. Anayesema sheria hizi humbana mwenye soko dogo ana ushahidi wa kutosha.

Kabla ya AGOA, nchi yoyote ya kwetu iliwahi kubanwa hivi?

Ndiyo, na wengi wamesahau: Uganda ya Idi Amin.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikaruka, na mwaka 1977 ikapita dola 3 kwa ratili. Uganda iliyokuwa imefilisika ikajikuta inauza kahawa kwa bei ya dhahabu, na Wamarekani walikuwa wananunua takriban theluthi moja ya kahawa hiyo. Fedha hazikumfikia mkulima. Ndege ziliruka kutoka Entebbe hadi uwanja wa Stansted, Uingereza, na kurudi zimejaa wiski na vitu vya anasa vya kuwafurahisha wanajeshi. Ndio haohao waliohusika na mauaji yaliyomchukua hata Askofu Mkuu Janani Luwum, Februari 1977.

Mbunge Don Pease wa Ohio akauliza swali lisilo na majibu mazuri: kwa nini kikombe cha asubuhi cha Mmarekani kilipie jeshi hilo? Serikali ya Carter, pamoja na hotuba zake nyingi za haki za binadamu, mwanzoni haikutaka. Ilidai kupiga marufuku bidhaa za nchi nzima ni kuvunja kanuni za biashara ya dunia. Bunge likapitisha hata hivyo, na Carter akatia saini tarehe 10 Oktoba 1978. Bidhaa za Uganda zikazuiwa kuingia Marekani.

Mwishoni mwa mwezi huohuo majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, na Mei marufuku ikaondolewa. Nani alimwondoa Amin? JWTZ, jeshi la Tanzania, na Waganda waliokuwa uhamishoni, kwa damu yao; asije mtu akawapa wabunge wa Washington sifa ambayo si yao. Lakini jeshi la Amin liliingia vitani wakati mnunuzi wake mkubwa alikuwa ameshafunga mkoba, na hilo halikuwa jambo dogo kwa utawala ulionunua utii kwa kahawa.

Kuna upande mwingine ambao huwa haupewi nafasi. Miaka miwili kabla ya sheria hiyo, wakulima wenyewe walikuwa wamemgomea Amin. Bodi ya kahawa ilipowalipa kiduchu, magunia yalivuka usiku miteremko ya Mlima Elgon hadi Chepkube, upande wa Bungoma, ambako Wakenya walilipa taslimu. Magendo yale yalitajirisha watu wabaya wengi. Pia yalimpa mkulima wa Uganda njia ya kumnyima Amin kahawa bila yeye mwenyewe kufa njaa. Marufuku ya Marekani haikumpa njia kama hiyo.

Uganda iliondolewa AGOA kwa sababu gani?

Rais Biden alilitaarifu Bunge tarehe 30 Oktoba 2023, na uamuzi ukaanza kutumika 1 Januari 2024. Sababu iliyotolewa kwa Uganda na kwa Jamhuri ya Afrika ya Kati ni ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Gabon na Niger ziliondolewa siku hiyohiyo kwa ajili ya mapinduzi ya kijeshi. Tangazo lilikuja miezi mitano baada ya Rais Museveni kutia saini sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, yenye adhabu inayofika hadi kifo, na kila mtu Kampala aliunganisha mambo hayo mawili.

Wasomaji wa ukurasa huu wana misimamo tofauti kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Msimamo wangu ni kwamba dola haina haki ya kumnyonga mtu kwa hilo. Ila nina swali kwa Washington. Novemba 2020, baada ya Bobi Wine kukamatwa, maandamano yalizimwa kwa risasi na serikali yenyewe ikakiri vifo 54. Wafuasi wa upinzani walibebwa kwenye magari ambayo raia waliyabatiza "droni", wengine wakarudi na makovu, wengine hawakurudi. Kifungu cha 104 kilikuwa kilekile. Uganda ilibaki AGOA mwaka 2021, 2022 na 2023, wakati askari wake walikuwa mhimili wa vita dhidi ya Al-Shabaab nchini Somalia. Hilo ndilo tatizo nililoligusa juu: sharti la sera ya nje likikaa jirani na haki za watu, mara nyingi ndilo linaloshinda.

Mkulima wa kahawa wa Uganda aliumia?

Kwa upande wa ushuru, hapana. Kahawa mbichi huingia Marekani bila ushuru kutoka nchi yoyote duniani, AGOA au bila AGOA. Waliopigwa ni wachache waliokuwa wanauza nguo, kazi za mikono na vyakula vilivyosindikwa. Yaani hasa wale waliojaribu kuongeza thamani, kama serikali zetu zinavyotuhimiza kila siku.

Burundi na Kongo je?

Burundi ilitolewa kuanzia 1 Januari 2016, baada ya ukandamizaji uliofuata uamuzi wa Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Haikuwa inauza kitu cha maana kupitia AGOA, kwa hiyo Bujumbura haikutikisika. Kongo ilikaa nje miaka 10, kuanzia 1 Januari 2011 hadi ilipoingizwa tena 1 Januari 2021. Shaba na kobalti ziliendelea kupata wanunuzi muda wote huo. Kumnyima mtu kitu asichokitumia si adhabu.

Rwanda nayo iliadhibiwa kwa haki za binadamu?

La. Iliadhibiwa kwa mitumba. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kupunguza nguo kuukuu hadi ziishe, na Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikalalamika mwaka 2017. Wengine walirudi nyuma. Rwanda ilikataa, na tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa msamaha wa ushuru.

Nalitaja hapa kwa sababu ya kasi yake. Lalamiko la wauza mitumba lilipata hukumu ndani ya mwaka mmoja na miezi michache. Familia za waliopotea hazijawahi kuhudumiwa haraka hivyo.

Tanzania iliwahi kutolewa?

Hapana. Watu huchanganya na fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, dola milioni 472, zilizositishwa Machi 2016 baada ya uchaguzi wa marudio Zanzibar. Ule ulikuwa msaada, si biashara.

Nchi ikitolewa, nani anaumia?

Mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Ethiopia iliondolewa 1 Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray. Hawassa, yenye bustani kubwa ya viwanda vya nguo, iko kusini, mamia ya kilomita kutoka Mekelle, mji mkuu wa Tigray. Waliokuwa wanashona mashati kule ni wasichana waliotoka vijijini, wengi wao kwenye ajira ya kwanza maishani. Kampuni ya Marekani ya PVH ilitangaza kufunga kiwanda chake hata kabla tarehe haijafika. Waliokuwa wanaamuru mashambulizi hawakukosa mlo. Madagascar ilipotolewa mwaka 2010 kwa ajili ya mapinduzi ya 2009, makumi ya maelfu ya ajira za nguo yalipotea, na ilipokubaliwa tena Juni 2014 wanunuzi wengi walikuwa wameshazoea kwingine. Oda haifuati gazeti rasmi la serikali, ikiondoka imeondoka.

Kuna mahali palipofanikiwa?

Eswatini, kwa kiasi kikubwa. Ilitolewa 1 Januari 2015 kwa kuwakandamiza viongozi wa vyama vya wafanyakazi na waandamanaji. Lakini ilikuwa imepewa mapema orodha ya mambo matano, yakiwemo marekebisho ya sheria ya mahusiano kazini, sheria ya ugaidi na ile ya mikusanyiko, pamoja na mwongozo wa polisi kwenye maandamano. Kazi zilipotea, kisha sheria zikarekebishwa, na nchi ikarudi 1 Januari 2018. Ufalme haukugeuka demokrasia. Hata hivyo orodha ilikuwa fupi, iliyoandikwa, na kila upande ulijua mwisho wake uko wapi. Uganda haikupewa hadharani orodha ya namna hiyo. Ukiniuliza tofauti kati ya shinikizo na adhabu tu, nitakuonyesha nchi hizi mbili.

Hakuna njia ya kumbana mkosaji badala ya nchi nzima?

Ipo. Sergei Magnitsky alifariki katika gereza la Moscow Novemba 2009 baada ya kufichua wizi wa kodi uliowahusisha maofisa. Desemba 2012 Marekani iliiondolea Urusi kipengele cha Jackson na Vanik na, katika sheria hiyohiyo, ikawawekea wahusika wa kifo chake marufuku ya viza na kuzuia mali zao. Mwaka 2016 utaratibu huo ulipanuliwa kwa dunia nzima, na maofisa wa nchi zetu wameshaingizwa kwenye orodha hizo. Napendelea njia hii, maana anayetesa ana jina. Udhaifu wake ni kwamba ofisa asiye na akaunti Marekani wala mtoto anayesoma huko hashtuki.

Umoja wa Ulaya una kitu kama hiki?

Unao, mpango wa kuziruhusu nchi maskini zaidi kuuza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, tangu 2001. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Agosti 2020 Kambodia ilinyang'anywa sehemu tu ya upendeleo huo, kwa baadhi ya bidhaa, na nyingine zikaachwa. Marekani nayo ina uwezo huo tangu sheria ilipoongezwa muda mwaka 2015: Rais anaweza kusimamisha bidhaa fulani badala ya kuitoa nchi nzima. Aliutumia kwa mitumba ya Rwanda.

AGOA bado ipo?

Muda wake uliisha 30 Septemba 2025 Bunge likiwa halijauongeza. Februari 2026 iliongezewa hadi 31 Desemba 2026, ikihesabiwa kama vile haikukatika. Nyongeza fupi namna hii haimshawishi mwekezaji kujenga kiwanda, na pia inapunguza makali ya masharti: kitisho cha kunyang'anywa kitu kinachokwisha mwishoni mwa mwaka hakimtishi mtu.

Raia wa kawaida anaweza kusema chochote kabla ya uamuzi?

Ndiyo, na ni watu wachache mno wa kwetu wanaofanya hivyo. Kila mwaka wa mapitio, Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani hutangaza kwenye gazeti rasmi la serikali yao kwamba inapokea maoni kuhusu kila nchi. Huhitaji kuwa Mmarekani wala kuwa na wakili. Maoni huandikwa kwa Kiingereza na kutumwa kwa mtandao. Serikali, wenye viwanda na makampuni ya ushawishi hutuma. Chama cha mafundi wa nguo au kundi la familia za waliopotea lina haki ileile.

Andiko lenye nguvu huwa fupi. Taja tukio, tarehe, mahali na aliyetoa amri, na uambatanishe hukumu au ripoti iliyokwisha kuchapishwa. Jina la mwathirika usiliandike bila idhini yake, kwani maoni haya huwekwa hadharani na hata polisi wa nchi yako wanaweza kuyasoma. Kisha sema unataka nini kifanyike: sheria ipi ibadilishwe, mfungwa yupi aachiwe, na kama nchi lazima ibanwe, bidhaa zipi ziguswe na zipi ziachwe. Kama unafanya kazi kiwandani, andika mko wangapi kwenye zamu na wangapi wanategemea mshahara huo, ili atakayependekeza kuwatoa awe ameisoma namba hiyo kwanza.